Mahari ya Asia

Mkono wa Bi Mwaja ulikuwa ukipanda na kushuka juu ya mwili wa Asia tangu ukungu ulipokuwa bado umelala migombani. Ulipita mabegani, mgongoni, kiunoni, kifuani. Ulikuwa mkono wa kizee, mkavu, wenye nguvu ya kukanda, na singo aliyokuwa akisugua nayo ilikuwa imesagwa kwa liwa na maua makavu, ikachanganywa na marashi. Liwa hiyo ilitoka pwani, ikafika Bukoba kwa meli, na kutoka Bukoba ilipanda milima vichwani mwa wapagazi mpaka hapa Kanoni. Kila bibi harusi wa wafanyabiashara wa Kanoni aliisubiri. Bi Mwaja alikuwa akiimba taratibu huku akisugua, na mkono ulipofika kwenye titi la kushoto, wimbo ukakatika.

Asia akafumbua macho. "Umechoka, somo?"

Bi Mwaja, kungwi wake, aliinama karibu zaidi. Vidole vyake vilirudi palepale, juu ya titi, upande wa kuelekea kwapani. Vikabonyeza, vikazunguka, vikabonyeza tena.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Umelijua lini?"

Asia alihesabu kwa vidole. Alisema aliligusa mara ya kwanza mibuni ilipokuwa imechanua, akiwa anaoga. Alidhani ni jipu, akalisubiri liive. Sasa kahawa ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu na jipu halikuwa limeiva.

Bi Mwaja alimwambia ainue mikono yote miwili juu ya kichwa. Mwanga wa dirishani ulimwangukia kifuani, na pale juu ya titi la kushoto ngozi ilivutwa ndani kidogo, kama nguo iliyoshonwa kwa uzi uliokazwa mno. Mwanamke mzee aliingiza vidole kwapani, akatafuta kwa muda mrefu huku amefumba macho. Alipomaliza alifuta mikono yake kwa kitambaa na kukaa kitako juu ya mkeka.

"Kwapani hakuna kitu," alisema. "Hilo ni jambo jema, liweke moyoni. Lakini sikiliza, mwanangu. Jipu huuma. Uvimbe wa kawaida wa titi hukimbia ukiugusa, kama kokwa ndani ya tunda. Hiki hakiumi wala hakikimbii. Kwetu Pangani wazee walikiita saratani."

Asia aliteremsha mikono. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na kidogo, mjane, mwenye macho makubwa yaliyozoea kutazama mizani na watu kwa utulivu uleule. Ijumaa hii alikuwa aolewe na Abdulghani.

"Nani atajua?" aliuliza.

"Hakuna. Kinachoonekana juu ya mkeka wa somo huzikwa juu ya mkeka. Tangu nilipofika nchi hii na msafara wa marehemu mume wangu, nimewasinga mabibi harusi wengi, na sijapata kutoa la mmoja nikampa mwingine. Ukitaka lisemwe, utalisema wewe."

Asia akajifunga kanga yake. Kwenye kikapu kando ya ukuta ilikuwapo doti mpya ya kanga ambayo Abdulghani alimletea aivae siku ya harusi. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaikunja vizuri, akaifunga kwa ukambaa wa mgomba, na kumwomba kaka yake, Shehe, airudishe kwa mwenyewe. Shehe alimuuliza sababu mara mbili, akaambiwa apeleke tu. Akaondoka ameubeba mzigo ule mdogo kana kwamba ni wa mawe.

* * *

Watu wa Kanoni walijua jinsi mapenzi ya Abdulghani yalivyoanza, kwa sababu yalianza hadharani, juu ya gunia la chumvi.

Abdulghani alikuwa akinunua kahawa na ngozi upande wa Kyerwa na kuzipeleka Bukoba. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye mkewe alifariki katika uzazi miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akitaja habari ya kuoa. Asia aliuza chumvi na nguo katika duka la kaka yake. Kila Abdulghani alipopita Kanoni alinunua chumvi. Alinunua akienda, akanunua akirudi. Mwisho Asia alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye mizani, kwamba chumvi aliyokwisha kuinunua ingewatosha ng'ombe wote wa Kyerwa na pembe zao. Abdulghani akamjibu kwamba ng'ombe wa Kyerwa hawajapata kuilamba hata punje, yote iko nyumbani, na mama yake ameanza kuuliza. Hapo ndipo Asia alipoinua macho. Mtazamo ule, wenyewe wangeulizwa, wasingeweza kusema ulidumu kiasi gani.

Basi alasiri ile Abdulghani aliingia barazani kwa Shehe, ile doti ikiwa chini ya kwapa. Shehe alimkaribisha na kumpa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni yeyote. Abdulghani alichukua punje mbili, akazishika mkononi, hakuzitia mdomoni.

"Nataka kuzungumza naye," alisema.

Bibi harusi aliyewekwa ndani haonwi na mwanamume, bwana harusi zaidi ya wote. Lakini Bi Mwaja, aliyesikia maneno yale, alisema kusikia si kuona. Akatundika pazia la lubugo, nguo ya gome la mti, katikati ya chumba na kuketi penye ncha yake, jicho moja huku na jicho moja kule. Abdulghani aliketi upande wa mlango. Pazia halikufika chini kabisa. Aliona ncha za vidole vya mguu vyenye hina, vikiwa vimetulia, na alivitazama kama mtu anayesoma.

"Umenirudishia kanga," alisema.

"Ndiyo."

"Mama anasema umepata mwingine. Anasema ni tajiri wa Bukoba."

"Mwambie mama yako, Bi Mgeni, kwamba huyo mwingine hana fedha wala ndevu."

Vidole vya hina vilijikunja. Abdulghani alingoja. Alikuwa na subira ya watu wanaonunua kahawa, ambao hujua kwamba mkulima akiharakishwa hufunga gunia lake.

Mwisho Asia alimwambia. Alimwambia yote kwa maneno machache, kama anayepima kitu asitake kuzidisha wala kupunguza: uvimbe, mahali ulipo, jina waliloliita wazee wa pwani. Alimwambia pia kwamba alikuwa amekwisha kuwaza, na kwamba mtu aliyekwisha kuzika mke mmoja hastahili kupewa kaburi la pili kama zawadi ya harusi.

Abdulghani hakusema pole. Alikuwa na tabia, jambo likimshinda, ya kulivunja vipande na kuuliza kimoja kimoja. Alimwomba Bi Mwaja ruhusa ya kumwuliza yeye. Bi Mwaja aligeuza uso kwa Asia. Asia aliitikia kwa kichwa.

Aliuliza kama ugonjwa huu unaambukiza. Bi Mwaja alisema hapana, mama yake mzazi alimuuguza dada yake kwa ugonjwa huohuo, akilala naye kitanda kimoja, asipatwe na kitu. Aliuliza kama ni uchawi au laana ya mtu. Bi Mwaja alisema amewaona wenye saratani wakiwa wema na wakiwa waovu, walionyonyesha na wasionyonyesha, na hajaona laana inayochagua ovyo namna ile. Aliuliza kama uko mti wa kutibu. Bi Mwaja alitikisa kichwa. Majani aliyoyajua yalituliza kidonda, hayakuondoa mzizi.

"Kuna mtu yeyote aliyepona?"

"Yupo aliyekatwa titi Bukoba, kwa daktari wa Kijerumani," Bi Mwaja alisema polepole. "Mwanamke wa Kinyambo, wa Nyakasimbi. Anaitwa Nyakato. Nasikia bado analima."

"Nasikia si naona," alisema Abdulghani.

Akainuka. Aliiweka ile doti chini ya pazia, karibu na vidole vya hina, na kutoka. Asia alisikia nyayo zake barazani, kisha uani, kisha hakusikia kitu. Alishangaa jinsi kifua kinavyoweza kuuma mahali ambapo uvimbe haupo.

Jioni Shehe alikuja kumwambia, akiona aibu, kwamba Abdulghani ameondoka Kanoni na punje zake za kahawa amezisahau juu ya jamvi. Asia alisema vizuri, ndivyo alivyotaka. Bi Mwaja aliendelea kuchambua mchele. Lakini ile doti ilibaki palepale chini ya pazia, kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na moyo wa kuiondoa.

* * *

Kesho yake jua lilipokuwa limeanza kuteremka, sauti tatu ziliingia uani kwa pamoja. Moja ilikuwa ya mtoto mchanga akilia. Ya pili ilikuwa ya Bi Mgeni, mama yake Abdulghani, ikilalamika juu ya tope. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke asiyejulikana, ikicheka.

Wanawake waliingia upande wa ndani wa pazia. Abdulghani na Shehe waliketi upande wa mlango. Asia aliona kivuli cha yule mwanamume mrefu juu ya lubugo, akajua kwa namna kilivyoinama kwamba alikuwa ametembea mwendo mrefu bila kupumzika.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Mgeni.

"Marahaba," alijibu Bi Mgeni, akaketi mbali kidogo. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na alimlinda kama anayelinda taa upepo ukivuma.

Mwanamke mgeni alikuwa Nyakato. Alikuwa mnene wa mabega, miguu ina udongo wa shamba, na mgongoni alibeba mtoto aliyefungwa kwa kipande cha lubugo. Aliwasalimu wote kwa kuinama, akisema waitu, waitu, kila neno lake la Kiswahili akilitia adabu ya Kinyambo. Alisema alikuwa anakata majani ya migomba wakati mwanamume mmoja, aliyetapakaa tope kama mzimu, alipotokea na kumwuliza kama yeye ndiye mwenye titi moja. Mumewe alitaka kumpiga kwa mundu.

"Kisha akasema anataka kuoa na mchumba wake ana uvimbe," alisema Nyakato. "Mume wangu akaweka mundu chini. Akaniambia, nenda, kamwoneshe."

Akamshusha mtoto, akafungua nguo.

Upande wa kulia titi lilikuwapo, zito, limejaa. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila kovu refu, lililotoka karibu na mfupa wa kifua likapanda mpaka kwapani, limelala bapa, limeng'aa kama njia ya konokono juu ya jani. Asia alilitazama. Alikuwa amejiandaa kwa jambo la kutisha. Hili lilikuwa kovu tu.

"Liguse," Nyakato alisema. "Haliumi tena. Huuma kidogo mvua ikikaribia, na hapo nawaambia watu waanue maharage."

Asia aliligusa. Bi Mwaja naye aliligusa, kwa vidole vyake vya kujua. Bi Mgeni alikaa na mikono yake mapajani.

Nyakato aliwasimulia kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kulisimulia jambo hili mara nyingi na kugundua linavyoeleweka. Daktari alimgusa titi, akamgusa kwapa. Alimuuliza uvimbe ulianza lini na kama umekua. Kisha akamweleza kwamba ugonjwa huu una nyumba yake, na ukichoka kukaa nyumbani hutoka, na mlango wake wa kwanza ni kwapa. Kwa hiyo angekata titi lote na vitezi vya kwapani pamoja nalo. Walimlaza juu ya meza, wakamfunika pua kwa kitambaa chenye dawa ya harufu tamu, na alipoamka kazi ilikuwa imekwisha. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito baadaye, haukutaka kupanda. Daktari alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha kwa vidole, kama buibui, kila siku juu kidogo kuliko jana.

"Sasa nabeba mkungu wa ndizi kwa mkono huu," alisema.

"Na alikuapia kwamba umepona?" aliuliza Asia.

"Hakuniapia, waitu. Nilimwambia aape, akakataa." Kwa mara ya kwanza Nyakato aliacha kucheka. "Tulikwenda wawili. Mwenzangu alikuwa jirani yangu, yeye aliuficha uvimbe mpaka ukapasuka. Daktari alimtazama, akampa dawa ya maumivu, hakumkata. Alisema kisu sasa kingemtesa bure. Tulimzika kabla ya mavuno ya maharage. Lakini mimi aliniambia hivi: wanaokuja uvimbe ungali mdogo na kwapa safi, wengi wao nawaona tena wakiwa wazima. Ipite miaka mitatu nisikuone na ugonjwa huu, nami nitaacha kukuogopea. Basi mwaka wa tatu nilikwenda Bukoba kwa miguu, nikampelekea kuku. Alicheka mpaka akavua miwani."

"Na sasa?"

"Sasa ni mwaka wa nne, na huyu ni wa baada ya kisu."

Akamnyanyua mtoto aliyekuwa ameanza kulia tena, akamweka kwenye titi la kulia. Mtoto alinyonya kwa kelele za mtu asiye na shaka.

Bi Mgeni alimtazama yule mtoto muda mrefu.

"Titi moja linamtosha?" aliuliza.

"Mama, mimi ni Nyakato. Jina hilo hupewa pacha wa pili. Mama yangu alitunyonyesha wawili, kila mtu na titi lake moja, na tazama mabega haya kama nilishinda njaa."

Bi Mwaja alicheka mpaka akajishika mbavu. Hata upande wa pili wa pazia kitu kilisikika, kikohozi au kicheko. Bi Mgeni hakucheka, lakini alisogea karibu kidogo.

"Na mumeo? Alikupokea hivyo hivyo?"

"Alilala amenipa mgongo muda mrefu. Nilimwacha alale hivyo. Halafu msimu wa baridi ukaja, mama, na baridi ya milima hii unaijua."

"Kidonda alikifunga nani?"

"Huyohuyo. Kitambaa hubadilishwa kila siku, njia nzima tangu Bukoba na nyumbani pia, mpaka nyama ishikane. Angebadilisha nani mwingine?"

Hapo ndipo sauti ya Abdulghani iliposikika kutoka upande wa mlango, ya chini na ya polepole.

"Shehe, wewe ni kaka yake. Utaweza kumfungua dada yako kifua na kumsafisha kidonda kila siku, porini, kuanzia Bukoba mpaka hapa?"

Shehe alikohoa. Alisema, akitafuta maneno, kwamba angemtafuta mwanamke wa kufuatana nao.

"Wa kuvuka naye mto Ngono kwa mtumbwi na kulala naye kambini na wapagazi? Nani huyo? Bi Mwaja magoti yake hayafiki hata Nyakasimbi. Na mimi nikiwa mchumba siruhusiwi kuona hata kisigino chake. Nikiwa mume naweza kumfunga na kumfungua. Kwa hiyo nasema ndoa isingoje safari. Safari ndiyo ingoje ndoa, na isingoje sana."

"Hapana," alisema Bi Mgeni.

Alisema kwa upole, bila ya hasira, na kwa sababu hiyo neno lilikuwa zito zaidi. Alisema hamchukii Asia. Alisema Asia ni mwanamke ambaye angemchagua mwenyewe. Lakini alimwona mwanawe alivyokuwa wakati mkewe alipofariki, alivyokaa mwaka mzima chakula hakipiti kooni, na yeye kama mama hana nguvu ya kuliona jambo lile mara mbili. Waende Bukoba, Shehe na dada yake. Akatwe, arudi. Ipite ile miaka mitatu ya daktari. Akiwa mzima, yeye Bi Mgeni atapiga vigelegele kuliko wote.

 Lilikuwa pendekezo la busara, na kila mtu alijua hivyo.

"Mama amesema kweli," Asia alisema. Alikuwa akizungumza na kile kivuli. "Abdulghani, mimi naenda Bukoba. Hilo nimekwisha kuliamua hapa mbele ya kovu la Nyakato, na siogopi kama nilivyoogopa jana. Lakini sitaki kuolewa kwa huruma."

"Huruma haiendi Nyakasimbi kwa miguu," alijibu Abdulghani. "Huruma hukaa barazani na kusema pole."

"Na nikiwa kama yule mwenzake Nyakato?"

"Basi nitakuosha mimi kabla ya sanda. Mume ana ruhusa ya kumwosha mkewe. Mchumba husimama nje na majirani."

Asia alifunga mikono yake magotini. Bi Mwaja aligeuza uso pembeni kama somo anavyopaswa.

"Mama," Abdulghani aliendelea, na sasa sauti yake ilibadilika, "unasema uliniona mwaka ule. Hukujua nilichokuwa nakililia. Mke wangu alipofariki nilikuwa Bukoba nauza ngozi. Nilirudi nikakuta udongo umekwisha kukauka. Hakuna siku niliyojuta kumwoa. Nilijuta kwamba sikuwapo. Hiyo miaka mitatu unayoniambia niingoje, ndiyo ninayoitaka. Ikiwa mitatu, nataka niwe ndani yake. Ikiwa thelathini, vilevile."

 Mtoto wa Nyakato alikuwa amelala, mdomo wazi, tone la maziwa shavuni. Bi Mgeni alichukua ncha ya kanga yake na kumfuta, taratibu, na aliendelea kufuta hata tone lilipokuwa limekwisha.

"Hiyo dawa ya harufu tamu," alisema hatimaye, akimwelekea Nyakato. "Mtu huamka?"

"Mimi hapa, mama."

"Hutapika?"

"Sana. Siku moja."

Bi Mgeni alihema. Kisha akainua sauti ili isikike upande wa pili. "Shehe! Ile machela yako ya matete iliyooza usithubutu kuileta. Mkwe wangu hatabebwa kwenye kitu kile. Ninayo ya marehemu baba yake Abdulghani, ina ngozi madhubuti. Na samli ya njiani nitatoa mimi."

* * *

Mwalimu wa chuo cha Kurani aliitwa siku hiyohiyo, bila kungoja Ijumaa, pamoja na mashahidi wawili, wauza nguo wa pale pale Kanoni. Wanaume walikaa juu ya majamvi barazani. Shehe, kama walii, msimamizi wa dada yake katika ndoa, aliingia mpaka kwenye pazia, mashahidi nyuma yake, akamwuliza kama anamruhusu amwoze kwa Abdulghani kwa mahari waliyokubaliana.

Msichana ambaye hajaolewa akiulizwa hivyo hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa. Mjane sivyo. Mjane lazima aseme kwa kinywa chake, watu wasikie. Na Asia alinyamaza.

Shehe aliuliza mara ya pili. Mashahidi walitazamana. Barazani Abdulghani alikuwa ameinamisha kichwa, na kwenye kiganja chake zilikuwamo zile punje mbili za kahawa alizozisahau juu ya jamvi, ambazo Shehe alimrudishia.

"Mahari nayabadilisha, kaka," ilisema sauti ya Asia.

Mmoja wa mashahidi alinong'ona kwamba jambo hili si la kawaida. Mwalimu, kutoka barazani, alisema mahari ni haki ya mwanamke, aseme anachotaka.

"Nataka anipeleke Bukoba," Asia alisema. Alisema wazi, kama alivyokuwa akitaja bei dukani. "Mahari yangu ni safari ya Bukoba. Kwenda na kurudi."

Abdulghani alijibu kutoka barazani, kabla Shehe hajageuka kuuliza:

"Na kurudi. Nimekubali."

"Basi niozeshe, kaka."

Bi Mgeni ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kabla ya wakati wake, na hakuna aliyemkemea. Nyakato alikipokea, mtoto akaamka kwa mshtuko, na uani watu wasiojua chochote wakakipokea nao. Barazani Abdulghani alitia punje zile mbili mdomoni, akazitafuna polepole mpaka mwisho.

Bi Mwaja aliwatoa wote nje. Alisema bwana harusi atakuja kumpa mkewe mkono jua likizama, si kabla, na kwamba yeye kazi yake haijakwisha. Alichukua bakuli la singo lililokuwa limefunikwa tangu jana yake, akatia marashi kidogo, akakoroga mpaka harufu ya liwa ikajaa tena chumbani. Ile doti iliyokaa chini ya pazia aliifungua ukambaa wake, akaitandika tayari juu ya kitanda.

Asia akalala juu ya mkeka, akafumba macho. Alisikia vicheko uani, sauti ya Bi Mgeni ikiagiza samli, na katikati ya zote sauti moja ya chini ikiwaeleza wapagazi wa machela jinsi ya kupita mahali penye matope bila kumtikisa mtu.

"Nianzie wapi?" aliuliza Bi Mwaja. "Mabegani?"

"Pale ulipoachia," alisema Asia.

Mwanamke mzee alichota singo kwa vidole vitatu, akaiweka juu ya titi la kushoto, akaanza kusugua kwa mzunguko, taratibu, bila kuruka mahali. Baada ya muda, wimbo wake ukarudi.